Mume wangu bado hajapona na harusi ya binti yetu imekaribia: aende au abaki nyumbani?

*"Daktari, nakusalimu. Mume wangu ana miaka 61. Wiki saba zilizopita alipasuliwa tumbo kwa dharura baada ya utumbo kutoboka, na siku ya tisa akarudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu usaha ulikuwa umejikusanya ndani. Sasa yuko nyumbani. Sehemu ya chini ya mshono haijafunga na inasafishwa kila baada ya siku mbili. Amekonda, hamu ya chakula imepotea, jioni nyingine husema anasikia baridi, na akikaa na wageni nusu saa anachoka mpaka analala. Amekuwa mkali, na hakuwa hivyo kabla. Wiki tatu zijazo binti yetu anaolewa, mwendo wa saa tatu kwa gari, na wiki moja kabla yake mama mkwe wangu anatimiza miaka 80 na ukoo wote utakusanyika. Ndugu wengine wanasema alale tu asiinuke mpaka kidonda kifunge. Wengine wanasema anajidekeza, kwa kuwa wanamjua mtu aliyepasuliwa tumbo na baada ya wiki mbili alikuwa kazini. Yeye mwenyewe leo anasema ataenda, kesho anasema asitajiwe harusi. Je, nimpeleke? Tuahirishe? Na mimi nikienda nikacheka na watu wakati yeye yuko hivi, si nitakuwa nimemtupa?"*

Mama mpendwa, umeuliza kuhusu harusi na nitaifikia, lakini katika barua yako kuna maneno uliyoyapita haraka ambayo mimi siwezi kuyapita: jioni nyingine anasikia baridi, na hamu ya chakula imepotea. Mtu ambaye tumbo lake liliwahi kujaa usaha, na ambaye kidonda chake hakijafunga, akianza kusikia baridi nyakati za jioni na kukataa chakula, anapaswa kuonwa na timu iliyompasua ndani ya siku moja au mbili, bila kusubiri tarehe ya kliniki. Huenda ikawa ni udhaifu tu, kwa kuwa mtu aliyepungua uzito na damu huhisi baridi upesi. Huenda pia kuna usaha mwingine uliojificha juu chini ya mbavu au chini kabisa kwenye nyonga, mahali ambapo mkono wa daktari haufiki kwa urahisi. Usaha wa namna hiyo hugunduliwa kwa vipimo vya damu na picha ya altrasaundi au skani, na mara nyingi hutolewa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye ngozi, bila kulifungua tumbo upya.

Kuanzia leo mpime joto asubuhi na jioni, na umpime kabla ya kumpa parasetamo, kwa sababu dawa hiyo hushusha homa na inaweza kukufanya uamini kwamba hakuna tatizo. Andika namba hizo kwenye karatasi uende nayo. Joto la nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakionyeshi kitu, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Yote nitakayosema kuhusu sherehe yanategemea jambo hili moja, kwamba ameonwa na imethibitika kuwa hakuna usaha mpya.

Sasa nije kwa ndugu. Kundi linalosema anajidekeza linalinganisha vitu viwili visivyolingana. Mtu aliyetolewa kibole (kidole tumbo) au mfuko wa nyongo kupitia matundu madogo, kwa upasuaji uliopangwa, akaingia chumba cha upasuaji akiwa na nguvu zake, anaweza kweli kurudi kwenye kazi nyepesi baada ya wiki mbili. Mume wako aliingia akiwa tayari anaumwa sana, kwa kuwa yaliyomo ndani ya utumbo yalikuwa yamemwagika tumboni, na mwili wake ulipambana na maambukizi hayo huku ukijaribu kuunga jeraha refu. Kisha, siku ya tisa, jeraha lile lile likafunguliwa tena. Kwa hiyo wiki zake hazihesabiwi kutoka upasuaji wa kwanza. Zihesabuni kutoka ule wa pili, na hata hapo mkumbuke kwamba alianza akiwa amepungua kuliko alivyokuwa mwanzo. Siku ya harusi atakuwa anakaribia wiki ya tisa tangu upasuaji wa pili. Kwa mgonjwa wa aina hii, kuchoka katika wiki ya tisa ni jambo la kawaida, na wengi huhitaji miezi mitatu hadi sita kabla ya kusema kwamba wamerudi katika hali yao, wengine zaidi.

Uchovu huu una chanzo chake mwilini, na ningependa aelezwe na yeye mwenyewe, kwa sababu nashuku kwamba maneno ya ndugu yameanza kumwingia. Baada ya jeraha kubwa mwili hutoa homoni za dharura kwa wingi, na mojawapo ya kazi za homoni hizo ni kuvunja misuli ili protini yake itumike kujenga tishu mpya na kupigana na vijidudu. Mwili unafanya kama familia inayouza mali yake kulipia matibabu: deni linalipwa, lakini nyumba inabaki tupu. Maambukizi yanapokuja juu ya upasuaji, uuzaji huo huendelea kwa wiki nyingi, hamu ya kula hupungua wakati ule ule ambapo chakula kinahitajika zaidi, na siku za kulala kitandani huondoa nguvu za mapaja na mgongo haraka, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 60. Ongeza usingizi unaokatika kwa maumivu, na pengine upungufu wa damu, utaona kwamba mtu anayelala baada ya nusu saa ya mazungumzo hajidekezi hata kidogo.

Mnaweza kushangaa kwa nini mazungumzo humchosha kuliko kutembea. Kukaa wima huku ukizungumza kunatumia misuli ya tumbo na mgongo bila kupumzika, na misuli ya tumbo ndiyo iliyokatwa. Kufuatilia watu wengi kwa wakati mmoja, kusikiliza katikati ya kelele, kutabasamu ili wasikuonee huruma na kuficha maumivu ni kazi nzito. Tena gharama yake huja ikiwa imechelewa. Anaweza kuonekana mchangamfu sana wakati wageni wapo, kisha siku inayofuata asiweze kuinuka. Kwa hiyo kipimo chenu kisiwe namna alivyokuwa mbele ya watu. Kiwe namna alivyoamka kesho yake.

Kundi la pili, linalosema alale asiinuke, linasema kwa upendo, lakini ushauri wake una hatari kubwa kuliko ule wa kwanza. Kulala muda wote hakufungi kidonda. Kunapunguza misuli, kunafanya sehemu za chini za mapafu zisifunguke vizuri, kunaleta choo kigumu, na kunairuhusu damu kutuama miguuni na kuganda. Hatari ya bonge la damu baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo huwa juu kabisa katika wiki za mwanzo na huendelea kuwepo hadi karibu miezi mitatu, kwa hiyo bado yuko ndani ya kipindi hicho. Anapaswa kuamka, kuvaa nguo za mchana, kutembea mara kadhaa kwa siku kwa muda mfupi, na kulala kati ya mizunguko hiyo bila kuona aibu.

Kuhusu kidonda chenyewe, kuna matabaka mawili ambayo watu huyachanganya. La juu ni ngozi. Kidonda kilichoachwa wazi kwa sababu ya usaha hujijaza kutoka chini kwenda juu, na hatutaki kifunge juu kabla hakijajaa chini, ndiyo maana wauguzi huweka bandeji ndani ya shimo na kusubiri. Nyama nyekundu yenye vichembe, inayotoa damu kidogo ikiguswa, ni dalili njema, na maji mepesi ya rangi ya manjano hafifu si usaha. Tabaka la pili ni utando mgumu ulio chini ya ngozi na mafuta, ambao ndio unaoshikilia ukuta wa tumbo. Huo hatuuoni, na huimarika polepole mno: baada ya wiki tatu huwa na sehemu ndogo tu ya nguvu zake, baada ya miezi mitatu hufikia takriban asilimia 80, na haurudi kabisa ulivyokuwa. Pale palipokuwa na maambukizi mwendo ni wa pole zaidi, na ngiri kwenye mshono hutokea kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo hata ngozi ikifunga kesho, bado hatakiwi kubeba mizigo. Kicheko, furaha, machozi ya harusini na kukaa kwenye kiti havifungui mshono. Kinachouumiza ni kunyanyua vitu vizito, kukohoa kwa nguvu bila kuushikilia, kujikamua chooni, na kuinuka kwa ghafla kutoka kulala chali.

Tukirudi kwenye sherehe, nitasema wazi ninavyofikiri. Sioni sababu ya kitabibu ya kuahirisha harusi, iwapo uchunguzi wa wiki hii hautaonyesha tatizo. Ukiisogeza mwezi mmoja mbele, hali yake itakuwa bora kidogo tu, naye atabeba lawama ya kuwa ndiye aliyeharibu mipango ya binti yake. Wagonjwa wengi huona mzigo huo mzito kuliko maumivu. Kuahirisha kuna maana ikiwa atalazwa tena, au ikiwa yeye na binti yenu wote wawili wanataka hivyo kwa dhati. Kumwacha nyumbani kabisa pia ni uamuzi halali, na usiruhusu mtu auite ukatili. Lakini katika barua yako naona mtu anayebadilika kila siku kwa sababu ameulizwa swali kubwa kuliko nguvu zake: utaenda au hutaenda. Mpe swali dogo. Muulize ni saa gani moja ya siku ile ambayo hataki kuikosa. Akisema ni pale binti yake anapofunga ndoa, basi harusi yake yeye ni saa hiyo, na yaliyobaki ni ya wengine.

Jaribuni kabla ya siku yenyewe. Kwa wiki hizi tatu ongezeni muda wa kukaa wima kidogo kidogo, mkianzia hapo alipo, yaani nusu saa na wageni wawili, kisha dakika chache zaidi, huku mkitazama asubuhi inayofuata. Akiamka kama kawaida yake, mmepata hatua. Akiamka amevunjika, rudini nyuma siku mbili kisha mwendelee. Mara moja afanye pia safari fupi ya gari, maana kwa wengi mitikisiko ya barabara ndiyo huumiza zaidi.

Ndiyo maana sherehe ya miaka 80 ya mama yake siishauri. Najua ni mama yake, na najua kutokuwepo kwake kutazungumzwa. Lakini sherehe mbili kubwa ndani ya siku saba zitamfanya afike kwenye harusi akiwa ametumia nguvu zote alizokusanya. Mama aelezwe mapema na mwanawe mwenyewe, kwa sauti yake, na kama inawezekana aletwe amwone siku tulivu akiwa na mtu mmoja au wawili. Mzee wa miaka 80 akikaa karibu na mwanawe kwa dakika 20 bila umati atapata kitu ambacho asingekipata katikati ya ukoo mzima.

Kwa safari ya saa tatu, nendeni siku moja kabla na mrudi siku moja baada. Msimame kila baada ya saa moja hivi atembee dakika chache, anywe maji ya kutosha, na akiwa amekaa achezeshe vifundo vya miguu. Mkanda wa gari avae, kwani kuuacha ni hatari kubwa kuliko maumivu yake, ila sehemu ya chini ipite kwenye nyonga chini ya mshono, na muweke taulo laini iliyokunjwa katikati. Waulizeni madaktari kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya safari hiyo, na kama anaitumia tayari, asiruke dozi. Kidonda kisafishwe asubuhi ya harusi, na mbebe vifaa vya kubadilishia bandeji mara mbili zaidi ya mnavyodhani mtahitaji.

Dawa ya maumivu ainywe kati ya nusu saa na saa moja kabla ya tukio, asingoje maumivu yaanze. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, parasetamo haizidi gramu 4 kwa saa 24, lakini kwa kuwa amekonda muulize daktari, maana aliyeshuka chini ya kilo 50 hupunguziwa kipimo. Angalieni pia dawa za mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamo ndani yake. Akiwa anatumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini asiguse pombe, na apewe kitu cha kulainisha choo. Ale kidogo kidogo mara nyingi, huku vyakula vyenye protini vikitangulia kwenye sahani kabla hajashiba. Sahani iliyojaa humkatisha tamaa mtu asiye na hamu.

Ukumbini atafutiwe kiti chenye mgongo na mikono, karibu na mlango na karibu na choo, na chumba cha kulala kiwe tayari kabla hajakihitaji. Nguo yake isibane kiunoni. Amekonda, kwa hiyo ishonwe au ipunguzwe mapema, kwani mwanamume anayeona suti inamning'inia mbele ya watu wote huumia kwa namna ambayo hataisema. Wenye kikohozi au mafua wasimkaribie, kwa kuwa kikohozi kwenye tumbo lake ni adhabu. Akilazimika kukohoa abonyeze mto mdogo juu ya mshono. Na wanaomkumbatia wafanye hivyo kwa ubavuni, taratibu.

Kuhusu ukali wake, maumivu na kukosa usingizi vinatosha kumfanya mtu yeyote awe mkali. Kwake kuna pia aibu ya kuoshwa na kusaidiwa, na hofu, kwa kuwa mtu aliyerudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili haamini tena mwili wake kwa urahisi. Usibishane naye saa za jioni akiwa amechoka. Ila kama kwa wiki mbili mfululizo hapendezwi na chochote, hata na binti yake, anajiona mzigo, na usingizi umetoweka, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo hutibika, kwa hiyo mtajie daktari. Akisema afadhali angekufa, usimwache peke yake na mtafute msaada siku hiyo hiyo.

Kuna mambo ambayo, yakitokea wakati wowote, hata katikati ya sherehe, hayasubiri. Mguu mmoja kuvimba au kuuma kwenye nyama ya nyuma chini ya goti. Kukosa pumzi ghafla au maumivu ya kifua. Tumbo kujaa na kutapika huku hapati choo wala hatoi hewa kwa njia ya haja kubwa. Kidonda kuzidi kuwa chekundu na cha moto, au kutoa usaha wenye harufu. Kuchanganyikiwa. Na moja ambalo watu wengi hawalijui: maji mengi ya rangi ya waridi yakitoka kwa ghafla kwenye mshono, yanaweza kuwa ishara kwamba tabaka la ndani limeachia. Ukiona utumbo au kitu chochote kinatokeza, usikirudishe ndani. Kifunike kwa kitambaa safi kilicholowanishwa, mlaze, usimpe chakula wala kinywaji, mkimbizeni hospitali.

Mwisho ni wewe, Mama. Umeuliza kama kucheka harusini ni kumtupa. Kwa wiki saba umeamka usiku, umesafisha kidonda, umepokea hasira ambazo hukuzistahili, na barua nzima umemwandikia yeye, ukajikumbuka kwenye sentensi ya mwisho. Siku ile binti yako atahitaji mama yake, na huwezi kuwa mama wa bibi harusi na muuguzi kwa saa zile zile. Kwa hiyo chagueni sasa mtu mmoja mwenye utulivu, ikiwezekana rafiki wa kiume wa mume wako ambaye hatamwonea haya, awe naye tangu asubuhi mpaka alale: ajue dawa, ajue chumba kiko wapi, awaambie wageni imetosha. Aje nyumbani mara kadhaa kabla ya harusi ajifunze kubadilisha bandeji, na katika siku hizo wewe ulale usingizi kamili. Kubalianeni pia, wewe, mume wako na binti yenu, mapema na bila machozi, kwamba ikiwa asubuhi ya harusi mume wako ataamka vibaya atabaki kitandani na rafiki huyo, nawe utakwenda, na binti yenu atapita kumwona akiwa amevaa nguo zake za harusi kabla ya kuondoka.